Wiki ya tisa: Land Cruiser imelowa chini kuanzia mbele hadi nyuma

Leo jioni Land Cruiser ya utalii iliyotoka Ndutu imepita juu ya bomba langu la chini, lile la kuoshea uvungu wa magari, na maji hayakukatika hata mara moja. Nimeingia uvunguni mwenyewe na tochi. Giaboksi, propela shafti, tenki la mafuta, difu ya nyuma, kote kumelowa, na lile tope jeusi la kule limebanduka. Nimehangaika na bomba hili wiki tatu, acha niandike yote kabla sijasahau.

Bomba ni lile lile: nozeli 8 za namba 04 (ndiyo saizi ya tundu), pampu ya mota ya kilowati 11, fezi tatu, presha baa 80 nozeli zote zikiwa wazi. Kumbe huko hakukuwa na ubaya wowote, na ndiko nilikopoteza siku nne za kwanza.

Shida ilikuwa hivi. Noah na Vitz zilioshwa vizuri tu. Ikija Land Cruiser, ambayo kwa Arusha ndiyo mteja wangu mkubwa, katikati panabaki pakavu. Dereva mmoja aliniita kwa upole, "Kaka, hebu njoo uone huku chini." Niliona aibu. Gari imelipiwa kuoshwa chini, na tope liko vile vile alivyokuja nalo. Na tope la Ziwa Ndutu au Ziwa Natron si la kuachia likauke hapo. Lina magadi, na magadi yanakula aluminiamu, yaani nyumba ya giaboksi yenyewe.

Nikafungua pampu. Nikabadilisha sili, nikasafisha chujio, nikazibua nozeli moja moja. Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikapaka chokaa nzito uvunguni mwa Land Cruiser ya rafiki yangu na kuipitisha. Chokaa ilitoka kwenye magurudumu ya mbele, ikatoka kwenye ya nyuma, katikati ikabaki nyeupe kama ukuta. Nozeli iliyoziba huacha mstari kwa urefu wa gari. Huu ulikuwa mkanda wa kukata upana wote, kwa hiyo maji yalikuwa yanafungwa.

Aliyenifumbua macho ni kijana ninayefanya naye kazi. "Bosi, Noah ikipita bomba linagonga mara moja. Land Cruiser ikipita linagonga mara mbili." Kugonga huko ni kwa maji pale valvu inapofunga ghafla. Mara mbili maana yake valvu inafunga gari ikiwa bado juu ya bomba! Nikakaa chini pembeni ya sensa, lile jicho la mwanga linaloona gari na kufungua valvu, nikiangalia kitaa chake. Gurudumu la mbele, kikawaka. Kisha kikazima. Gurudumu la nyuma, kikawaka tena.

Sensa niliifunga sentimita 35 kutoka sakafuni, kama karatasi ya mashine ilivyoelekeza. Noah ina tumbo la chini, mwanga unazibwa muda wote. Land Cruiser ya utalii imenyanyuliwa, tena nyingi zimekatwa na kurefushwa chesisi, hivyo mwanga unapita uvunguni bila kugusa kitu. Niliyoipima ina mita 2.7 za uwazi kati ya gurudumu na gurudumu. Mashine inaamini gari imeshaondoka.

Hapa nikafanya kosa la pili: taima. Niliiweka ichelewe kufunga kwa sekunde 3. Dereva anayepita kwa kilomita 5 kwa saa anavuka uwazi ule kwa sekunde 2, anaoshwa lote. Anayetambaa kwa kilomita 2 anahitaji karibu sekunde 5, na mita moja nzima inabaki kavu mbele ya difu. Nikapandisha hadi 8. Sasa Land Cruiser safi, lakini kila Noah ikiondoka bomba linaendelea kurusha karibu lita 9 hewani. Siku ya magari 40 hizo ni zaidi ya lita 300, wakati maji ya bomba kwetu yana siku zake. Nilikaa na ile taima jioni tano nikitafuta namba ya katikati, na namba hiyo haipo, kwa sababu kila dereva ana mwendo wake.

Dawa ilikuwa kupandisha sensa hadi sentimita 75, ione bodi badala ya magurudumu. Sensa ile ya kurudishiwa mwanga na kioo cha upande wa pili nimeitupa, maana bampa la kromu nalo linarudisha mwanga na kuidanganya. Chukueni ya vipande viwili, kimoja kinatuma na kingine kinapokea. Ni ghali zaidi na waya ni mwingi, lakini haibabaiki.

Ila kwa urefu huo mguu wa mtu unafungua maji, na kijana wangu ameshaloweshwa. Nimeweka jozi mbili za sensa zilizoachana sentimita 60. Zikizibwa zote, relei, yaani swichi ya umeme, inafungua maji na kujishikilia mpaka zote ziwe wazi. Mtu hawezi kuziba zote kwa pamoja.

Nozeli za shaba mimi basi tena. Vumbi letu la volkano linazitafuna tundu, presha inashuka kidogo kidogo hata huoni. Nanunua za chuma kisichoshika kutu.

Jumamosi nilipanga kujenga shimo la kutuliza matope. Lakini jozi mbili za sensa zinaweza kupima mwendo: gari likikata zile sentimita 60 chini ya nusu sekunde, limezidi kilomita 4 kwa saa na nozeli hazipati muda wa kung'oa kitu. Taa nyekundu ya kumwambia dereva apunguze nimeshainunua, na waya uko mezani. Matofali ya shimo nimeyafunika turubai.