Kuosha chumvi bila kuiyeyusha

Mtoto kaleta kazi ya nyumbani: "Umepewa mchanganyiko wa chumvi na mchanga. Eleza hatua za kuvitenganisha." Jibu linalotakiwa nalijua, nimelisahihisha hadi kalamu imeisha wino: weka maji, koroga, chuja, chemsha maji yaishe. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Lakini mawazo yalikuwa yameshafika Mtongani, Dar es Salaam, uani kwa Shangazi, aliyekuwa akiuza chumvi, msimu ule wa magunia.

 Kisa cha magunia kwa kifupi tu: Shangazi aliuziwa chumvi ya mawe iliyokwanguliwa hadi sakafu ya bwawa mwisho wa msimu, ikaletwa usiku, ikapokewa kwa mwanga wa tochi. Kulipokucha ikaonekana ya kijivu, ina mchanga na tope, na chini ya kila gunia imelowa. Wateja wa Shangazi walikuwa watengeneza ng'onda, samaki wa chumvi wa kukausha, wa Kunduchi Pwani na wachache wa soko la samaki la Feri. Hao huwadanganyi kwa chumvi.

Binamu yangu alikuwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na jibu lilimtoka mdomoni kama vile ameliona ubaoni: tuiyeyushe yote, tuchuje kwa kanga, tuchemshe. Kwa kemia ya darasani hakukosea kitu. Shangazi akamwuliza swali moja tu, "Kwa mkaa kiasi gani?"

Hesabu yake ndiyo hii. Gramu 100 za maji hubeba gramu 36 hivi za chumvi, basi. Zaidi ya hapo inabaki chini. Kwa hiyo gunia la kilo 50 linadai lita 140 za maji ili liyeyuke lote. Kuyapasha moto maji hakusaidii sana, maana hata yakitokota hayabebi zaidi ya gramu 39 au 40. Wanafunzi wengi hawaamini, kwa kuwa wamezoea sukari: gramu 100 za maji ya kawaida hubeba gramu 200 za sukari, na yakichemka hukaribia 490. Shura, yaani nitrati ya potasiamu, ndiyo kali zaidi, kutoka gramu 32 kwenye maji ya kawaida hadi karibu 245 kwenye yanayochemka. Ndiyo maana myeyusho moto wa shura ukipoa unajaa fuwele wenyewe, lakini wa chumvi ukipoa unaambulia punje chache tu. Kwa chumvi, maji yenyewe lazima yaondoke.

Sasa yaondoe lita 140. Kuyafikisha kwenye mchemko na kuyageuza yote kuwa mvuke kunataka megajuli 358 hivi. Kilo moja ya mkaa ina kama megajuli 29, na jiko la kawaida likifikisha robo ya joto hilo kwenye sufuria tushukuru. Gawanya: karibu kilo 50 za mkaa. Kilo ya mkaa kwa kilo ya chumvi! Hapo bado sufuria za alumini, ambazo maji moto ya chumvi huzidonoa vitundu hadi zivuje, na bado ule wakati wa mwisho ambapo uji wa chumvi unaanza kuruka na kuchoma mikono. Na ukichemsha hadi pakauke, kila kilichoyeyuka ndani ya maji kinabaki humo humo. Tope umelitoa, uchungu umeubakiza.

Aliyetuokoa ni babu jirani, mtu aliyezeekea kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Alipita akakuta sufuria kubwa imetolewa nje.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo sufuria, kuna arusi?"

Shangazi akamweleza. Babu akachota chumvi kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba, akalamba, akatema. Akasema haina ugonjwa mkubwa. Akaomba pipa la plastiki, tenga la mikate, kipande cha chandarua kikuukuu na ndoo mbili. Hakutaja moto.

Kwanza alitengeneza maji. Kwenye ndoo ya lita 20 alimimina chumvi chafu kuliko zote, ile ya chini ya gunia iliyokuwa nusu tope. Lita 20 zinakula kilo 7 na kitu, na Shangazi alipoona kilo zake zinapotelea ndani ya ndoo alishika kiuno. Babu akamwambia hazipotei, zimeazimwa. Uchafu wa chumvi hiyo haukumsumbua, kwa sababu mchanga unazama ndani ya dakika na tope linatua usiku. Asubuhi unayamimina maji ya juu polepole kwenye pipa na kuacha matope chini.

Shangazi alitaka kupima kwa yai. Likielea, chumvi imetosha. Ndivyo walivyofanya nyumbani kwao kwa maji ya kuhifadhia samaki. Babu akakataa. Yai bichi huelea maji yakiwa na gramu 120 hadi 140 tu za chumvi kwa lita, wakati kushiba ni gramu 360. Anayeamini yai anaanza kazi na maji yaliyofika theluthi ya safari, nayo yatamalizia shibe yao kwenye gunia lake. Kipimo cha Babu kilikuwa rahisi: koroga, ongeza chumvi, koroga tena, uache hadi kesho. Kesho ukikuta chumvi bado imelala chini ya ndoo, maji yameshiba. Usipoikuta, ongeza.

"Maji yenye njaa hula chumvi," alisema. "Yashibishe kwanza, ndipo uyatume kazi."

Asubuhi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Tenga la mikate limewekwa juu ya diaba, chandarua kimetandikwa ndani. Babu akamwaga humo chumvi kiasi cha ndoo, akaisambaza kwa kiganja isizidi unene wa vidole vinne, kisha akachota maji kwa kopo na kuyamwaga taratibu kuanzia pembeni kuja katikati. Yaliyotoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akamwaga kopo la pili huku mkono mwingine unageuza punje. Mchanga laini ukawa unapenya matundu ya chandarua na kudondoka pamoja na tope, punje kubwa zikabaki. Kopo la tatu likatoka karibu jeupe. Nikainama. Kila punje ilikuwa na pande zake bapa na kona zake kali, nyingine zina ngazi ndogo ndogo zinazoshuka kuelekea katikati, zile zinazoota punje inapokua juu ya uso wa maji ya bwawa. Hakuna kona iliyolika. Binamu akawa ananiangalia mimi, mimi naangalia tenga.

Babu aliona tumeduwaa. Akachukua konzi ya chumvi ile ile, akaiweka kwenye chujio la chai, akaimwagia kopo moja la maji ya bomba. Tope likatoka, ni kweli. Lakini zile punje zikalegea na kuviringana kama zimelambwa, na konzi ikarudi nusu konzi. Hakusema neno. Akaendelea na tenga.

Maelezo yake niliyapata baadaye, nikiwa nimeshakuwa mtu wa maabara. Ndani ya maji yaliyoshiba, chembe za chumvi haziachi kutoka kwenye punje. Ila kwa kila zinazotoka, nyingine kiasi hicho hicho hurudi. Jumla haibadiliki. Tope na mchanga havimo katika biashara hiyo, vinasukumwa tu. Ni njia ambayo viwanda vya chumvi hutumia hadi leo, tofauti ni mashine.

Kuna na faida isiyoonekana kwa macho. Maji ya bahari hubeba gramu 35 za chumvichumvi kwa lita, na chumvi ya mezani ni kama robo tatu yake. Yakipungua bwawani, chokaa hutangulia kutua, halafu jasi, na yanapobaki sehemu ya kumi ndipo chumvi yenyewe inaanza kuota, kama digrii 25 kwa Baumé, kipimo cha uzito wa maji ya chumvi. Kwenye digrii 29 au 30 mwenye bwawa makini hufungulia maji yaliyobaki yaende zake, kwa kuwa sasa yamejaa magnesiamu na ni machungu. Anayekwangua hadi sakafuni anavuna chumvi iliyolowa maji hayo. Ukiiosha kwa maji yaliyoshiba chumvi, unakuwa unausukuma ule utando wa uchungu na kuweka utando wa chumvi mahali pake. Ukikauka unakuwa chumvi.

Hapo ndipo lilipokuwa jibu la magunia kulowa chini. Chumvi safi huvuta unyevu wa hewani unapopita asilimia 75 hivi, na Dar es Salaam alfajiri unapita hapo bila shida, kwa hiyo hata chumvi safi italia kidogo asubuhi. Kloridi ya magnesiamu huanza kuvuta kwenye asilimia 33. Hiyo inalowa saa saba mchana jua likiwa kali. Punje za mchele kwenye kichupa cha mezani haziiwezi.

Tulianika juu ya turubai, tabaka jembamba, tukaligeuza kwa reki ya mbao. Maji ya kuoshea yalirudishwa kwenye ndoo yatue, yakatumika tena, na kila yalipopungua Babu alitupia chumvi chafu nyingine. Alikuwa anayaonja. Uchungu ulipozidi aliyamwaga yote na kuanza upya, akikwepa mizizi ya mchungwa wa Shangazi. Adui alikuwa wingu. Mvua ndogo tu ikiingia kwenye pipa, maji yanapata njaa, na hutajua mpaka uone kona za punje zimekuwa duara. Mara moja kulinyesha, akalazimika kuyashibisha upya kabla hajagusa tenga. Tahadhari moja kwa atakayejaribu nyumbani: usioshe hivi chumvi ya kupikia ya dukani. Madini joto yake hunyunyiziwa juu ya punje, na ndiyo yatakayotangulia kuondoka. Ya samaki haina neno.

Sasa, mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani "nitaiosha kwa maji yaliyoshiba chumvi, nimwage tope, nianike", nimpe ngapi? Mwongozo hauna hatua hiyo. Njia ya kitabu inatenganisha hata unga wa chumvi na unga wa mchanga. Ya Babu inataka punje ziwe kubwa kuliko mchanga, la sivyo vyote vinapita pamoja au vinabaki pamoja. Kwa gramu tano kwenye bika, kitabu kinashinda. Kwa gunia, hakifui dafu. Swali halisemi ni kiasi gani, na mimi sijawahi kuamua.

Magunia yalitoka meupe, Shangazi akayauza kwa bei ya chumvi ya daraja la kwanza. Halafu akaja mteja wake wa zamani kutoka Kunduchi Pwani, analalamika. Chumvi ni nzuri, imeingia kwenye samaki haraka, lakini ng'onda zake safari hii zina umanjano na ni laini, na wateja wake wamezoea nyeupe, ngumu. Na ni kweli: magnesiamu na kalsiamu kidogo huipa nyama ya samaki weupe na ugumu, ingawa huichelewesha chumvi kupenya. Zikizidi, zinaacha uchungu.

Shangazi alimpelekea Babu lawama hizo. Babu akacheka hadi akakohoa, akamwuliza kama bado ana gunia ambalo halijaoshwa. Lilikuwepo moja. Yule bwana akalichukua, na tope lake, kwa bei ile ile ya daraja la kwanza.