Filamu Ilipokatika Kilwa Masoko

Gari la sinema lilifika mchana, ila fundi hakugusa projekta hadi alipomalizana na upepo wa kusi. Mashuka meupe yaliyoshonwa pamoja yalifungwa kwenye goli la kiwanja cha shule, chini yakabanwa kwa ubao na mawe. Shuka likituna, katikati ya picha kunafifia ukali hata urekebishe lenzi vipi. Projekta ya milimita 16 ilikaa mita 15 kutoka golini. Kwa lenzi ya milimita 50, hapo unapata picha yenye upana wa karibu mita 3. Jenereta ilipelekwa nyuma ya madarasa, upande upepo unakoelekea, makelele yake yasije yakameza nyimbo.

Mimi nilishika tochi wakati fundi akipitisha filamu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya vile vitanzi viwili vya filamu iliyoachwa ilegee, kimoja juu ya dirisha la picha, pale taa inapomulika filamu, na kingine chini yake. Magurudumu yenye meno huvuta filamu bila kusita, lakini dirishani lazima isimame mara 24 kila sekunde. Kitanzi ndicho kinachobeba tofauti hiyo. Cha chini kina kazi ya ziada: sauti imechapwa picha 26 mbele ya picha yake, kwa hiyo ukikizidisha au ukikipunguza, midomo na maneno vinapishana.

Ilikuwa filamu ya Kihindi ya karibu saa tatu, rili nne za futi 1,600, kila moja dakika 44. Projekta ni moja, hivyo kila rili ikiisha watu walinunua karanga. Waliokosa nafasi walikaa nyuma ya shuka. Picha waliiona vizuri tu, ila maandishi yalikuwa kinyumenyume.

Katikati ya rili ya pili picha ikaanza kurukaruka. Matundu ya pembeni yalikuwa yamechanika, ukucha unaovuta filamu ukawa haushiki, kitanzi cha chini kikaliwa. Kabla fundi hajafika kwenye swichi, filamu ikakatika.

“Taa kwanza, mwanangu, mota baadaye,” aliniambia huku akizima. Filamu iliyosimama mbele ya taa inayowaka huyeyuka, na feni inayopoza balbu huzungushwa na mota hiyohiyo.

Alikata kipande kibovu, akakwangua utando wa picha kwenye ncha moja hadi plastiki ikawa tupu, akapaka gundi, akabana. Gundi ile huyeyusha plastiki zishikane. Ukiacha utando, haishiki kitu. Watu walipiga miluzi, yeye hakuharakisha, na hakukosea.

Usiku, baada ya onyesho, alirudisha rili zote nyuma kwa mkono, kingo za filamu zikipita katikati ya vidole vyenye glavu ya pamba. Kila alipohisi tundu limechanika alichomeka kijikaratasi, apaunge kabla ya onyesho la kesho yake.