Kusema kwa Lugha ya Wanaotaka Kukuua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Matendo 21:37 hadi 22:22.

Paulo amepigwa, askari wa Kirumi wamemnyakua mikononi mwa umati, wamefika kwenye ngazi za ngome. Anamwomba jemadari ruhusa kwa Kiyunani, kisha anawageukia waliotaka kumuua na kusema nao kwa Kiebrania. "Wakazidi kunyamaza," anaandika Luka.

Aya hiyo hunikumbusha William Bedell, Mwingereza wa Essex aliyewekwa kuwa askofu wa Kianglikana wa Kilmore, Ayalandi, mwaka 1629. Taji la Uingereza lilikuwa limewanyang'anya Waayalandi wa kaskazini ardhi tele na kuwagawia walowezi Waprotestanti. Kwa watawala wengi, Kiayalandi kilikuwa lugha ya waasi, na kingekufa ingekuwa heri. Bedell alikuwa amepita miaka hamsini alipoanza kujifunza lugha hiyo. Akakusanya wenyeji walioijua vizuri na kusimamia tafsiri ya Agano la Kale, ingawa baadhi ya viongozi wenzake kanisani walimpinga.

Uasi ulilipuka mwaka 1641. Walowezi wengi walifukuzwa, wengi wakauawa. Bedell alibaki nyumbani kwake akiwahifadhi wakimbizi, hata waasi walipomkamata na kumfunga katika ngome iliyo katikati ya ziwa Lough Oughter. Alifariki Februari 1642, muda mfupi baada ya kuachiliwa, na waasi haohao Wakatoliki wakaja mazikoni kumpigia risasi za heshima. Tafsiri yake ilichapwa mwaka 1685, mwanasayansi Robert Boyle akiigharamia.

Tusimfanye malaika. Alitaka Wakatoliki wauache Ukatoliki wao, na kiti chake kililindwa na upanga wa mfalme. Lakini hakuwangoja wajifunze Kiingereza ndipo wamsikie Mungu.

Karne hazikulimaliza jambo hilo. Wakati wa machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini, wafungwa wa IRA, kundi lililopigana kwa silaha kuuondoa utawala wa Uingereza, walifundishana Kiayalandi gerezani, na Waprotestanti wengi wakakihesabu kuwa mali ya adui. Ndiyo maana kazi ya Linda Ervine inanigusa. Ni Mprotestanti wa mashariki mwa Belfast, ameolewa katika familia inayojulikana katika siasa za wanaotaka kubaki chini ya Uingereza. Alianza kujifunza Kiayalandi mwaka 2011, kisha akaanzisha madarasa katika kituo cha kanisa la Methodisti, barabara ya Newtownards.  Hata hivyo ametukanwa sana, na mwaka 2021 shule ya awali ya Kiayalandi aliyoisimamia ilibidi itafutiwe mahali pengine kwa sababu ya kampeni ya chuki, kabla hata haijafungua milango.

Kwa hiyo anayejifunza lugha ya upande wa pili asidhani atapigiwa makofi. Wa kwao watamwita msaliti, na wa ng'ambo watauliza anatafuta nini. Tena yawezekana wakamsikiliza kisha wakakataa.

Ukisoma juma hili, usiishie kwenye ule unyamavu. Umati ulivumilia habari za Dameski, ukavumilia hata jina la Yesu. Fika aya ya 21 ya sura ya 22 uone ni neno gani lililowafanya wapige kelele kwamba Paulo hastahili kuishi: Bwana alikuwa amemtuma kwa mataifa, yaani kwa wasio Wayahudi.