Somo Yangu wa Kwanza

Kamati yetu ya kata ilipewa siku 19 kuandaa Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na 11 kati ya hizo ziliishia kwenye orodha. Tulikabidhiwa karatasi yenye majina 9 ya waliorudi kutoka Vita vya Kagera. Tulipoifunga yalikuwa 23.

Waliokosekana walikuwa mgambo. Mwaka 1978, Mwalimu aliposema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, vijana wengi wa mgambo walitolewa vijijini wakaenda kuongeza nguvu jeshini. Wa kwetu, vita ilipokwisha, walirudi wakashika jembe, na karatasi tuliyopewa haikuwajua. Tukawatafuta nyumba kwa nyumba. Mwanzoni tuliuliza, "Nani mwingine alipigana?" Wazee wakatikisa vichwa. Tulipobadilisha swali likawa, "Mzee, uliondoka hapa na nani?", majina yakaanza kumiminika: huyu walipanda naye lori moja, yule walilala naye handaki moja. Swali hilo peke yake lilitupa watu 8.

Jina nalo lina mitego yake. Mtu aliandikishwa kwa majina mawili, mtaani wanamwita kwa la tatu, na aliporudi kutoka Hija akaongeza jingine. Tuliandika yote, kisha tukamsomea kila mzee jina lake kwa sauti, maana kosa ambalo jicho la uzeeni hulipita, sikio hulidaka. Waliorudi tuliwasomea wote. Orodha ya pili, ya watano wa kata yetu waliokufa vitani, hatukumsomea mtu yeyote. Tuliona nani atakayesahihisha?

Pale Dar es Salaam Mnara wa Askari umesimama tangu 1927 na maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, lakini majina ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wanaokumbukwa pale hayapo. Tulijiapiza kwamba jiwe letu dogo litakuwa na majina, hata kama ni ya kupaka kwa rangi ya mafuta.

Turubai tulilifunga mara mbili. Julai kwetu jua hupita upande wa kaskazini, na mafundi walikuwa wameelekeza uwazi huko huko ili wazee waitazame barabara. Kwenye mazoezi, kufika saa nne asubuhi safu nzima ya mbele ilikuwa juani. Tukaligeuza, uwazi ukaelekea kusini, kivuli kikadumu mpaka shughuli ilipokwisha. Viti vya plastiki visivyo na mikono tuliwaachia wageni. Mzee mwenye goti bovu huinukia kwenye mkono wa kiti, na kuna mahali pasipopungua pawili anapotakiwa kuinuka: wimbo wa taifa na dakika ya kimya. Choo kilikuwa hatua 40, njia tambarare. Tuliwaonyesha mapema, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kuulizia mbele ya watu.

Ngoma ilitufundisha kitu. Bendi ya shule ilipangwa nyuma ya turubai, na siku ya mazoezi ngoma kubwa ilipopigwa bila kutangazwa, mzee mmoja aliinama mpaka paji likagusa magoti, mikono kisogoni. Hakuna aliyecheka, hata watoto. Bendi tukaihamishia mbele yao, mita 20 hivi, mahali wanapomwona mpigaji akiinua kirungu, na mshereheshaji akaagizwa kutangaza kabla ya kila pigo. Fataki za vijana zilikataliwa siku ile ile.

Buruji hatukuwa nayo. Mlio wa kuwaaga waliolala ulitoka kwenye simu iliyounganishwa na spika, na kwenye mazoezi simu hiyo ikapigiwa katikati ya mlio, kata nzima ikasikia taarabu. Siku yenyewe laini zilitolewa kabisa. Dakika ya kimya tulimkabidhi mtu mwenye saa ya mkononi, kwa kuwa msemaji asiye na saa huikata kwenye sekunde ya 20 akidhani imekwisha.

Kitaifa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Sisi tuliiga kwa vilivyopatikana. Shoka lilikuwa la kupasulia kuni, tukalisugua kutu kwa msasa na kulibana kichwa kwa kabari mpya, kwani kilikuwa kinacheza kwenye mpini. Mzee wa kuliweka hakupaswa kuinama, kwa hiyo tuliweka meza mbele ya jiwe, urefu wa kiuno, ikatandikwa kitambaa cha kijani.

Mambo yalikwenda sawa mpaka kwenye orodha ya pili. Jina la tatu liliposomwa, mzee aliyeshika shoka alijibu kwa sauti ya gwaride, "Nipo!"

Mshereheshaji akanyamaza. Karatasi ya mwanzo ilikuwa na majina mawili tu ya marehemu yule, na mmoja wetu, kwa nia njema ya kukamilisha, alikuwa ameongeza la babu. Aliongeza la babu wa huyu aliye hai.

"Aliyekufa ni somo yangu," mzee akasema, bado ameketi. "Kikosi kimoja. Walikuwa wanatuita wa Kwanza na wa Pili. Wa Kwanza amelala Kaboya, kule Muleba. Mimi ni wa Pili."

Akataja jina la babu wa marehemu na kijiji chake, akarudia taratibu kwa anayeandika. Kisha akasema halitawekwa hilo shoka mpaka jina lisomwe upya. Likasomwa. Saa ya mkononi ikaanza tena, sekunde 60 nyingine ambazo hazikuwa kwenye ratiba.

Akainuka kwa mikono ya kiti, akaipita meza yetu na kitambaa chake cha kijani, akapiga goti kwenye mchanga chini ya jiwe, akalilaza shoka pale, makali yakielekea nje. Kumwinua kulihitaji skauti wawili.