Siku Moja Maishani Mwangu: Leo ni Zamu ya Ncha

Saa 1:15 asubuhi

Mwanga kwanza, mengine baadaye. Meza naisogeza dirishani, navua pete na bangili kwa sababu uzi mwembamba hung'ang'ania chochote, kisha naosha mikono na kuikausha vizuri. Juu ya mto wa kufumia umelala ukingo wa leso, lesi ya bobini ya mtindo wa Torchon, uzi wa pamba. Jozi ni 18, yaani bobini 36, na leo ni siku ya ncha, yaani mikia ya nyuzi inayobaki kufuma kukiisha: kila uzi kati ya hizo 36 lazima nijue unakwenda kulala wapi.

Kwa asiyeijua kazi hii: lesi ya bobini haitumii sindano wala kroshia wakati wa kufuma. Nyuzi huzungushiwa vijiti vyembamba, ndizo bobini, vijiti hushikwa viwiliviwili, vikapishanishwa na kusokotwa juu ya kiolezo cha karatasi ngumu kilichotobolewa, na pini huzuia kila kona isifumuke. Wageni wakija hupenda kukaa hapo kutazama vijiti vinavyogongana. Siku ya ncha hawaji. Na wala siwalaumu, maana kwa mtazamaji ni mtu kainama saa nzima anachokoa kitu kisichoonekana. Lakini mimi kazi ya mtu naipima kwa kuigeuza nyuma, na huko ndiko ncha zinakosema.

Saa 1:40

Safu za mwisho nazifuma polepole. Kabla ya kuunga chochote, navuta jozi moja baada ya nyingine mpaka uzi ukae sawa kwenye pini. Ukishaunga, kulikolegea kumelegea milele.

Saa 2:10

Sasa mwisho umekutana na mwanzo. Huu ni ukingo wa mzunguko, kwa hiyo jozi zote 18 zinatakiwa ziingie kwenye vitanzi vilivyoachwa pale nilipoanzia. Nang'oa pini moja tu ya mwanzo, ile ninayoihitaji. Naingiza ndoano nyembamba ya kroshia, chini ya nusu milimita, ndani ya kitanzi. Nadaka uzi mmoja wa jozi, nauvuta kidogo utoke juu kama sikio, halafu bobini ya pili naipitisha yote ndani ya sikio hilo. Navuta zote mbili, sikio linajifunga. Pini inarudi tunduni. Nafunga fundo: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo litateleza, na hutajua mpaka leso iingie kwenye maji. Kwa hariri mimi huongeza nusu fundo la tatu, kwa sababu hariri haijali umeifunga mara ngapi.

Shida yote iko kwenye kudaka. Ndoano ikiingia vibaya hupasua uzi, inachukua nusu ya nyuzinyuzi na kuacha nusu. Ukiona ndoano inatoka na manyoya, rudisha nyuma, usivute kwa nguvu. Na mdomo wa ndoano ukitazama juu wakati wa kutoka, utakwama kwenye kila kitu njiani. Ugeuze pembeni kidogo, utapita.

Sijakata hata uzi mmoja. Bobini zote bado zinaning'inia na uzito wao, na uzito huo ndio unaoshikilia mafundo wakati nashughulikia mengine.

Saa 3:30

Jozi ya kumi na kitu. Mgongo unaanza kuuliza maswali. Nasimama, natembea, narudi.

Saa 4:00

Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Mafundo yamefungwa, ncha 36 zimesimama. Uzifanyeje?

Wako wanaokata karibu na fundo na kuondoka. Kwa lesi itakayokaa ndani ya fremu, haina neno. Kwa leso itakayofuliwa na kusuguliwa, hapana.

Wako wanaochukua sindano na kurudisha kila ncha ndani ya lesi, wakifuata njia ya uzi uliopo: chini, juu, chini, juu, kama sentimita moja. Hii naipenda, ila mahali pazito tu, pale nyuzi zilipofumwa kwa kubanana kama kitambaa. Kwenye wavu ulio wazi ncha haina pa kujificha, kila uzi wa ziada huonekana kama kivuli. Halafu usiweke ncha mbili kwenye njia moja. Ukiziweka, sehemu ya kuungia inakuwa nene na ngumu, na ukiishika kwa kidole unaikuta hata gizani.

Wako wanaozilaza ncha pamoja kama fungu kando ya ukingo mzito, wakalifungia kwa uzi mwembamba zaidi kwa mishono midogo ya kuzungusha. Siri iko kwenye kukata: kila baada ya mishono kadhaa unaondoa uzi mmoja au miwili, fungu linapungua taratibu mpaka linaisha. Ukizikata zote mahali pamoja, fungu linaishia ghafla na kufanya kijinundu.

Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote, lakini hiyo huwezi kuikumbuka leo. Inatakiwa uwe umeikumbuka siku ulipoanza. Unapofuma safu za kwanza za sehemu nzito, unalaza ndani yake kitanzi cha uzi laini wa rangi nyingine, mimi hutumia polista nyekundu, mdomo wa kitanzi ukiwa umeelekea pale mwisho utakapokuja kukutana na mwanzo. Kinakaa humo kazi yote bila kusumbua. Siku ya ncha unapitisha ncha mdomoni mwa kitanzi, unavuta mikia yake, na kitanzi kinatoka kikiwa kimeiburuta ncha ndani ya mfumo, kwenye njia ambayo sindano ingehangaika kuipata. Hapa niliweka vitanzi sita. Ncha sita zimeingia kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kurudisha moja kwa sindano. Ukivuta, vuta kwa kulala sambamba na lesi. Ukivuta kwenda juu utainua mfumo mzima.

Zile za upande wa kushonea sizirudishi kabisa. Upande huo utashonwa kwenye kitambaa cha leso, basi ncha nazikunja chini, zitaingia ndani ya upindo. Pa kujificha pameshatengenezwa, kwa nini nijitese?

Saa 6:20 mchana

Simu. Ni mwanafunzi wangu.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nikiweka tone la gundi kwenye fundo, kuna ubaya?"

"Marahaba. Gundi ya nini mwanangu, fundo limekataa?"

"Halijakataa, ila naogopa."

Namwambia gundi ikikauka inakuwa kokoto, na nyingi hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Ananiuliza basi kuhusu kuchoma ncha kwa kiberiti, kama wafanyavyo watu kwa kamba za nailoni. Nailoni huyeyuka ikajifunga. Pamba na kitani haviyeyuki, vinaungua tu na kuacha ncha nyeusi. Tunaishia kucheka, na anaahidi kurudi kwenye sindano.

Saa 8:00

Kazi ya mchana ni ya aina nyingine, na ni vizuri, macho yanapata kubadilisha. Ni ua la majani matano, la mtindo wa lesi za vipande kama zile za Honiton kule Uingereza na Bruges kule Ubelgiji. Lesi ya vipande haifanani na Torchon. Torchon huanza na jozi zake na kwa kawaida humaliza nazo zote. Ua linaanza na jozi chache, linatanuka, linasinyaa tena kwenye ncha ya jani, na kila linaposinyaa lazima nyuzi zitoke. Kwenye biashara ya lesi ya Brussels zamani, kazi kama hii iligawanywa: huyu anafuma maua, yule wavu wa nyuma, mwingine kuunganisha tu. Hapa mimi ndiye wote hao.

Kuzitoa nyuzi kwenyewe ni rahisi. Nachagua nyuzi mbili zisizokaa jirani, ili pengo lisionekane, naziinua na kuzilaza nyuma juu ya kazi, naendelea kufuma kana kwamba hazipo. Sizikati papo hapo. Nasubiri safu kadhaa zipite na kuzibana, ndipo mkasi uje. Lesi ya namna hii hufumwa upande wa nyuma ukiwa juu, kwa hiyo ncha zinanitazama mimi na uso wa ua umelala juu ya kiolezo, safi.

Kwenye ncha ya jani nabaki na jozi nne. Naziunga kwenye kitanzi cha jani la jirani, nafunga, na hapa kweli nakata karibu, kwa sababu kipande kingine kitakuja juu yake.

Saa 10:00 jioni

Nimerudi kwenye leso. Bobini zilizobaki sasa zinakatwa, na urefu wa kutosha unabaki kwenye kazi. Kisha pini. Pini inang'olewa kwenda juu moja kwa moja, bila kuinamishwa, la sivyo inavuta kitanzi pamoja nayo. Nyingine zinakuja kirahisi, nyingine zimeshikwa na kazi na zinahitaji koleo dogo.

Naitandaza lesi juu ya kitambaa cheusi. Kweusi kunasema kila kitu. Sehemu moja karibu na kona ina weupe kuzidi kwingine: ncha mbili zimejipanga njia moja. Natoa moja kwa sindano na kuipeleka safu ya pili yake. Kisha nafumba macho na kupitisha kidole kwenye mzunguko wote, kwa sababu kidole kina ubishi kuliko jicho.

Saa 10:45

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, naizamisha na kuibonyeza bila kusugua. Ncha bado zina milimita 2 au 3 za ziada, na ziko hivyo kwa makusudi. Uzi ukilowa hujinyoosha na kujivuta, na ncha iliyokatwa mapema mno huchomoka usoni na kusimama. Naitandaza juu ya taulo, naibana kwa pini zisizoshika kutu, naiacha ikauke. Mkasi wa mwisho utapita kesho, lesi ikiwa kavu kabisa.

Saa 11:30

Mteja anaandika kuuliza imefikia wapi, maana picha niliyomtumia mara ya mwisho ilionyesha lesi "imeisha". Namjibu kwamba kufuma kumeisha. Bei yangu siku zote huhesabu saa za ncha kando na saa za kufuma, na nimeacha kuomba radhi kwa hilo.

Kabla sijafunga duka natoboa kiolezo cha ukingo unaofuata. Nachagua mahali pa kuanzia kwenye pembe iliyo nzito zaidi, mbali na wavu, naweka alama ya kalamu nyekundu, na kando yake naandika: vitanzi nane, si sita.