Mzee wa dialisisi alivyopata pesimeka mishipa ya kifua ikiwa imeziba
Kama uko na mgonjwa wa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) na umeambiwa anahitaji pesimeka, kile kifaa cha kusaidia moyo kupiga, kwanza andika kwa karatasi katheta zote alizowahi kuwekewa, yaani mirija ya kuingia kwa mshipa, ziliwekwa wapi, upande gani na zilikaa kwa muda gani. Hiyo karatasi ndiyo ilitusaidia sana.

Babangu ana fistula mkono wa kushoto, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili atolewe damu ya kusafishwa hapo, anasafishwa damu hapa Kisumu, na kabla fistula ikomae aliwekewa katheta shingoni kulia, ikaziba, akawekewa ingine. Baadaye akaanza kuzirai, mapigo thelathini na kitu kwa dakika. Daktari hakukimbilia pesimeka, alipima potasiamu, madini ya kwa damu, kwanza maana ikipanda inaweza kushusha mapigo hivyo, akasimamisha na zile dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo. Potasiamu ilikuwa sawa na moyo bado ukakataa kupanda, tukatumwa Nairobi.

Sasa pesimeka ya kawaida inakaa chini ya ngozi ya kifua, waya unapitia mshipa ulio chini ya mtulinga mpaka ndani ya moyo. Kushoto hawakutaka kugusa kabisa, mshipa ukija kuziba kwa sababu ya waya, damu ya fistula inakosa pa kurudi, mkono unavimba na fistula yenyewe inaweza kufa. Kulia, daktari aliposoma ile karatasi akasema hapana, zile katheta zinaweza kuwa zimeziba mshipa, tupige picha ya mishipa kabla ya kukata ngozi. Nilionyeshwa kwa skrini, ile dawa ya rangi inapanda mkono vizuri, ikikaribia shingo inakwama na kutawanyika kwa vijimishipa vya pembeni kama maji ya mafuriko huku kwetu Kano yakikuta mtaro umeziba.

Kulikuwa na kupanua mshipa kwa puto, ama kupasua kifua washone waya juu ya moyo, lakini mzee hangehimili kupasuliwa. Tukachagua pesimeka isiyo na waya, kidude cha kama gramu 2 kinachopitishwa kwa mshipa wa paja na kuachwa ndani ya moyo. Ni ghali jamani, tulichangisha ukoo mzima! Paja lilipimwa kwanza na ultrasaundi kwa sababu mrija wa kukipitishia ni mnene, karibu milimita 9.

Dialisisi iliyofuata niliuliza mapema kuhusu heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, wakamsafisha bila hiyo ndio paja lisivuje damu. Hajazirai tena, na fistula inafanya kazi.