Siku ya kliniki ya macho Mlingotini

Saa kumi na moja alfajiri makasha yameshapakiwa: chati mbili za herufi E, kamba ya mita 6 ya kupimia umbali wa chati, tochi, betri za akiba, matone, miwani ya kusomea 200. Yenye nguvu ya lenzi +2.00 tunaifungasha mara mbili ya nyingine, ndiyo inayowahi kwisha.

Saa moja tupo Mlingotini, kijiji cha pwani karibu na Bagamoyo. Foleni imeshapangwa kwa mawe na kandambili, wenyewe wamekaa kivulini. Tunagawa namba 120, basi. Tukizidisha, wa mwisho wanapimwa kwa haraka, na kupima kwa haraka ni kukosea.

Saa mbili chati inatundikwa barazani, penye mwanga lakini jua lisiipige. Jicho la kulia kwanza. La kushoto linafunikwa kwa kiganja, maana kwenye vidole mtu huchungulia hata bila kukusudia. Anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi, hivyo asiyesoma haoni aibu. Anayeshindwa mstari wa 6/12 (ule ambao jicho zima huusoma hata kwa mita 12, yeye yuko mita 6) anatazama tena kupitia kitundu cha kibao: akiona vizuri zaidi, dawa yake ni miwani; asipoona, aende kwa daktari.

Uoni wa karibu tunaupima kwa sindano na uzi, au sahani ya mchele wenye chuya. Mama mkulima wa mwani akitunga uzi kwa +1.50, hapewi +2.50 hata akiiomba. Itamlazimu kuinamia kazi karibu mno.

Kuanzia saa nne ni matone ya kupanua mboni. Yanachukua dakika 20 hadi 30, na saa aliyotiwa mtu inaandikwa kwenye plasta begani, la sivyo atatiwa mara mbili. Presha ya jicho hupimwa kabla. Aliyetiwa haendeshi bodaboda mpaka ukungu uishe.

Adhuhuri imepita, joto limekaza, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzito. Mzee amejaribu miwani yote mezani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nipe yenye nguvu zaidi, mjukuu wangu."

Hakuna. Tochi ikimulika, mboni zote mbili ni nyeupe kama tui: mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imeingia ukungu, na kioo cha nje hakiwezi kuuondoa. Anachohitaji ni upasuaji, naye amesikia kwamba jicho hung'olewa. Tunamweleza taratibu, mara tatu, nyuma yake watu wananung'unika: jicho linabaki mahali pake, linatiwa ganzi, lenzi iliyochakaa inatolewa na ya bandia inawekwa, na mara nyingi mtu hulala kwake siku hiyohiyo. Tunamwita bintiye amulike mwenyewe aone. Karatasi ya rufaa peke yake huishia chini ya godoro, kwa hiyo kabla babu hajainuka kitini tunaandika namba ya simu ya binti, nani atamsindikiza, nauli itatoka wapi na siku gani. Wanakubaliana Jumanne, jicho la kulia kwanza.

Namba 71 hadi 120 zinaisha jua likizama. Miwani ya +2.00 imebaki mitatu. Vibao vinafutwa kwa spiriti, kamba inakunjwa, daftari la rufaa linapanda gari la mbele. Jumatatu jioni, wa kwanza kupigiwa simu ni binti wa babu.